Kesi ya dubu, mabango ya midoli na hasira za wakubwa

Leo naongelea midoli. Ndiyo, midoli, hii hii ya watoto. Subiri kwanza kabla hujafungua ukurasa mwingine.

Januari 2012, mji wa Barnaul, Siberia, huko Urusi. Watu wanalalamika kwamba uchaguzi wa wabunge wa Desemba 2011 ulichakachuliwa, wanataka kuandamana, wakubwa wa mji wanawanyima kibali. Basi vijana wakakaa chini wakafikiri. Sawa, watu hawaruhusiwi. Je, midoli? Wakakusanya vitu vya watoto: vijitu vya Lego, vile vidude vinavyokaa ndani ya mayai ya chokoleti ya Kinder, wanajeshi wa plastiki, dubu wa manyoya, vigari. Wakavipanga juu ya theluji, kila kimoja na kibango chake cha karatasi. Kimoja kinadai uchaguzi safi, kingine kinasema mwizi akae jela siyo Kremlin. Binadamu wenyewe wamesimama pembeni wanapiga picha.

Polisi wakaja. Na hapa ndipo utamu ulipo: polisi wazima, wenye vyeo mabegani, wakawa wanasoma na kunakili mabango ya ukubwa wa kiberiti. Vijana walipoomba kibali cha kurudia, Februari wakakataliwa. Ofisa wa mji akaeleza kwamba midoli, hasa ile iliyotoka nje ya nchi, siyo raia wa Urusi na wala siyo watu. Soma tena hiyo. Mtu kakaa ofisini, analipwa, anathibitisha kisheria kwamba mdoli siyo mtu. Tena eti hasa wa kutoka nje! Kwa hiyo wangeleta wale wanasesere wa mbao wa Kirusi, wanaokaa mmoja ndani ya mwingine, wangepewa kibali?

Mimi kisa hiki kilinikumbusha kanga. Mwanamke wa Pwani akiwa na lake na jirani hana haja ya kufungua mdomo. Anakwenda dukani, anachagua jina, anajifunga, anapita mlangoni kwa jirani mara tatu akienda kuchota maji ambayo hata hayahitaji. Jirani akija juu anajibiwa kwa upole: shoga, mie nimevaa nguo yangu, we umesoma nini? Hapo jirani kabanwa. Akisema yamemgusa, kakiri. Akinyamaza, mtaa mzima unacheka. Mdoli wenye bango unafanya kazi hiyo hiyo. Hauna kazi ya kufukuzwa, hauna ndugu wa kutishiwa, na huwezi kuupiga virungu bila kuonekana kituko. Ofisa wa Barnaul ndiye jirani aliyetoka nje na kuanza kubishana na kanga.

Sasa twende Belarus, mwaka huo huo. Wanaharakati wa Minsk walishajaribu kupanga midoli yenye mabango na wakakamatwa. Kampuni moja ya matangazo ya Sweden, Studio Total, ikaona hapo pana kazi. Tarehe 4 Julai 2012 wakaruka na kindege kidogo kutoka Lithuania, wakavuka mpaka bila ruhusa ya mtu, wakamwaga mamia ya dubu wa manyoya, kila mmoja na mwavuli wake wa kushukia na ujumbe wa kudai uhuru wa kusema. Serikali kwanza ikakana: hakuna ndege, hakuna dubu. Mwisho wa mwezi Rais Alexander Lukashenko akamfukuza kazi mkuu wa jeshi la anga pamoja na mkuu wa walinzi wa mipaka. Agosti balozi wa Sweden naye akaondolewa. Dubu wa manyoya, jamani, kaangusha majenerali.

Kila mtu anaishia hapo na kucheka. Mimi naomba tusiishie hapo. Kuna kijana mmoja, Anton Suryapin, mwanafunzi wa uandishi wa habari. Yeye hakurusha ndege. Alichofanya ni kuweka picha za wale dubu kwenye mtandao, kama ambavyo wewe ungefanya na mimi ningefanya. Akawekwa ndani zaidi ya mwezi mmoja. Waliorusha dubu walishageuza ndege zamani, wako kwao wanahojiwa na televisheni. Hii ndiyo sehemu ya hesabu ambayo wapenda utani wa aina hii hawapendi kuipigia. Mdoli hauna mgongo, sawa, lakini fimbo ikishanyanyuliwa inatafuta mgongo wa karibu.

Na tusijifanye haya ni ya Wazungu. Hapa Tanzania, Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa kwa video ambayo anacheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Hakukuwa na mdoli wala dubu pale. Kicheko tu.

Hiyo ni siasa. Mabishano ya kijamii nayo yana midoli yake, na hapo vichekesho ni vyepesi kidogo. Februari 2021 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitangaza kwamba inaondoa neno "Bwana" kwenye jina la chapa yake ya Mr. Potato Head. Kama humjui, ni kiazi mbatata cha plastiki unachokichomeka macho, pua na masharubu. Kilianza kuuzwa 1952, na wakati huo boksi lilikuwa na vipande tu, kiazi chenyewe unachukua jikoni kwa mama. Marekani ikalipuka. Wengine wanashangilia usawa, wengine wanalia kwamba sasa ubaba umekwisha duniani. Siku hiyo hiyo kampuni ikabidi ifafanue kwamba Bwana Kiazi na Bibi Kiazi wote wangeendelea kuuzwa kama kawaida. Mswahili angeuliza swali moja tu: kiazi kipo ngeli gani? KI-VI. Basi, kikao kimefungwa, twendeni tukakaange.

Lakini huo ulikuwa ugomvi juu ya mdoli. Wapo waliojua kuutumia mdoli wenyewe kama mpasho. 1992 Mattel walitoa Barbie anayeongea, na miongoni mwa maneno yake akawa analalamika kwamba hesabu ni ngumu. Wazazi wakachukia, maneno hayo yakaondolewa. Mwaka uliofuata kikundi kilichojiita Barbie Liberation Organization kikanunua hao Barbie pamoja na wanajeshi wa G.I. Joe, wakafungua matumbo, wakabadilishana vidude vya sauti, wakawarudisha madukani kimyakimya. Inasemwa walikuwa kama 300 hivi. Pata picha ya mtoto Krismasi anabonyeza mwanajeshi mwenye bunduki, anasikia sauti ya kike laini ikitaka wapange harusi ya ndoto zao. Dada yake anabonyeza Barbie mwenye gauni la waridi, naye ananguruma kwamba kisasi ni chake. Wasoma Biblia mnajua hayo maneno yametoka wapi. Hakuna aliyehutubiwa pale, hakuna aliyetukanwa, na bado kila mzazi alielewa kwamba watoto wake wanafundishwa kitu dukani bila yeye kuulizwa.

Waarabu nao walijibu kwa staili yao. Saudi Arabia polisi wa dini walimpiga vita Barbie, 2003 wakamtangaza hatari kwa maadili, mambo ya kawaida. Mwaka huo huo kampuni ya NewBoy ikaingiza sokoni Fulla, mdoli mwenye abaya na hijabu, na akauzwa kweli kweli. Hilo nalipenda kuliko marufuku zote. Umechukizwa na mdoli wa mwenzio? Tengeneza wako.

Haya, sasa tuingie kwenye dini yenyewe, ambako watu wanaacha kucheka.

Jamaa wa Kimarekani, Brendan Powell Smith, tangu 2001 amekuwa akipanga hadithi za Biblia kwa Lego na kuzipiga picha. Kazi yake inaitwa The Brick Testament. Yeye mwenyewe hamwamini Mungu, ila anajiita Mchungaji, na huo ndio uchokozi wa kwanza. Uchokozi wa pili ni mkali zaidi: habadilishi hadithi. Gharika anaiweka na maiti zinazoelea. Vita vya Agano la Kale anavipanga kijitu kwa kijitu, vichwa vimekatika, nyuso zile za Lego bado zinatabasamu. Novemba 2011 maduka ya Sam's Club yakaondoa kitabu chake kwenye rafu baada ya wateja kulalamika kwamba siyo cha watoto. Nami nauliza, kitabu gani hasa siyo cha watoto, hiki cha picha au kile kilichonakiliwa? Walokole wengine watanikasirikia hapa, lakini hebu fungua Waamuzi sura ya 19, soma kwa sauti mbele ya darasa la Jumapili, halafu tuongee. Hata hivyo sijui kama Smith anabishana na mtu yeyote aliye mbele yake. Anachekesha wale wanaokubaliana naye tayari. Mama mwenye Biblia iliyochakaa pembe, aliyeisoma tangu mumewe afariki, hatoguswa na Lego, ataumia tu.

Kazi iliyonikosha ni ya msanii wa Uingereza anayetumia jina la Mimsy. Alichukua Sylvanian Families, vile vinyama vya Kijapani vilivyovalishwa nguo, sungura baba, sungura mama, vikapu na vikombe vya chai, maisha matamu ya kijijini. Akavipanga viko pikiniki, viko ufukweni. Ukisogea unaona nyuma kwenye majani vinyama vingine vimevaa nguo nyeusi, vina silaha na bendera, vinakuja. Panya hao aliwaita MICE-IS, mchezo wa maneno juu ya ISIS. Angalia alichokifanya: hakugusa kitabu, hakugusa Mtume, hakugusa anayeswali. Aligusa wale waliokuwa wakiua watu, wengi wao Waislamu. Ni hadithi ya sungura na fisi tu, kama bibi zetu walivyotusimulia, ila fisi kapewa bendera.

Septemba 2015 kazi hiyo ilitakiwa kuoneshwa Mall Galleries, London, kwenye maonesho yaliyoitwa Passion for Freedom, yaani yanayosherehekea uhuru. Polisi wakasema inaweza kuchochea hasira. Wakitaka kuiacha ukutani, waandaaji walipe ulinzi pauni 36,000 kwa siku sita. Ikaondolewa. Hakuna aliyeipiga marufuku, hapana, ni nchi huru ile. Waliletewa bili tu. Mimi ofisa wa Barnaul namheshimu zaidi, angalau alisema hapana mdomo wazi.

Na bado hao wote walikuwa wanatania kwa makusudi. Kuna mtu alifungwa kwa sababu ya dubu bila hata kutania.

Khartoum, Novemba 2007. Mwalimu wa Kiingereza, Gillian Gibbons, anafundisha watoto wa miaka sita, saba. Somo ni wanyama. Mtoto kaleta dubu wa manyoya, darasa limchagulie jina. Wakapiga kura. Watoto 20 kati ya 23 wakachagua Muhammad, na mmoja wao aliyekuwa na jina hilo hilo alisema alimpa dubu jina lake mwenyewe. Ikawa mwisho wa wiki dubu anakwenda nyumbani na mtoto kwa zamu, wanaandika shajara, leo dubu kala nini, kaenda wapi. Miezi inapita, wazazi wanaona, hakuna neno. Malalamiko yakaja kutoka kwa mfanyakazi wa shule. Mwalimu akakamatwa, akashtakiwa kutukana dini, akapewa siku 15 na kufukuzwa nchini. Ijumaa ya tarehe 30 watu wakamiminika barabarani, wengine wanataka auawe. Tarehe 3 Desemba Rais Omar al-Bashir akamsamehe, baada ya Waislamu wawili wa bunge la Uingereza, Lord Ahmed na Sayeeda Warsi, kusafiri kwenda kumwombea.

Najua hoja ya upande wa pili, wala siidharau: jina hilo kumpa mtu ni heshima, kumpa mnyama ni jambo jingine. Hoja ina watu wake. Ingeweza kumalizwa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa chai na kashata, dubu akabadilishwa jina, mwalimu akaomba radhi, watoto wakaendelea na tembo na twiga. Nani alihitaji iwe kubwa? Watoto hawakuhitaji. Wao walishapiga kura yao, kwa amani, jambo ambalo Bashir mwenyewe halikumpitia alipoingia ikulu kwa mapinduzi 1989.

Kifungu alichoshtakiwa nacho Gibbons kilikuwa cha 125 katika sheria ya jinai ya Sudan. Nenda katafute Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 125. Kutukana dini. Namba zimegongana tu, lakini teremka mpaka 129, hapo ndipo pananichekesha na kunitisha kwa pamoja. Kinamhusu mtu anayekusudia kuumiza hisia za dini za mwenzake kwa kusema neno, kutoa sauti, kufanya ishara, au kuweka kitu chochote mbele ya macho yake. Kitu chochote! Maneno hayo yamerithiwa kutoka kwa Mwingereza, na yanakaribia kabisa yale aliyowaandikia Wahindi mwaka 1860. Kwa hiyo dubu wa manyoya ameshapangiwa kesi yake kwenye vitabu tangu kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Msiniambie nachokonoa kisichokuwepo. Tumekuwa na mihadhara ya viwanjani, Paulo alisema nini, Mtume alisema nini, kanda zinauzwa kama njugu. Tumekuwa na Mwembechai Februari 1998, watu wakafa kwa risasi. Tumekuwa na ugomvi wa nani achinje ng'ombe, na Buseresere, Geita, Februari 2013, mchungaji akauawa. Na tumekuwa na Mbagala.

Mbagala Oktoba 2012 sitanii nayo. Watoto wawili wa mtaa mmoja, Mwislamu na Mkristo, walibishana, ubishi ule ule wa watoto wa eti ukifanya hivi unageuka nyoka. Hugeuki. Unageuka. Hugeuki, ngoja uone. Yule Mkristo akakojolea msahafu. Ni jambo baya, na kama ni mwanangu ningemshikisha adabu. Lakini ndani ya muda mfupi watu wazima walikuwa kituo cha polisi wanamtaka mtoto, wakashindwa kumpata, wakageukia makanisa, mengine yakachomwa. Watoto walibishana kama watoto. Wakubwa ndio waliochukua ule mchezo na kuucheza kwa viberiti. Mwenye kanisa lililoungua hakuwa na habari na nyoka yeyote.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema tuwatanie watu wa dini kwa midoli, wazinduke, namuuliza kwanza: wewe utakuwa wapi ikishawaka? Ukiwa Stockholm ni rahisi. Ukiwa Mbagala una jirani.

Lakini kunyamaza nako sikuwezi. Kwa hiyo nimepanga yangu, kichwani tu kwa sasa. Nachukua magunzi mawili ya mahindi, yale tuliyokuwa tunayafanya wanasesere kabla Mchina hajaleta plastiki. Moja nalivika kofia ya kitambaa, jingine nalikata kola nyeupe ya karatasi. Kila moja nalipa nyumba ya boksi la viatu, ukuta kwa ukuta, na juu ya paa kizibo cha soda, ndiyo spika. Usiku wa manane kwenye boksi la kola pana mkesha, mapepo yanakemewa mpaka mende wanahama. Saa kumi alfajiri kwenye boksi la kofia anaanza kuamshwa mtaa mzima, na kabla ya adhana yenyewe kuna mawaidha ya saa nzima. Gunzi la tatu ni mjumbe wa nyumba kumi, anakwenda kuwaomba wapunguze. Kola anasema aanze yule. Kofia anasema aanze yule. Picha inayofuata vizibo vimekuwa vifuniko vya chai ya chupa. Inayofuata ni vifuniko vya ndoo. Kisha sufuria, na paa za maboksi zimebonyea.

Nyuma yao kuna boksi dogo la kiberiti halina spika. Ndani kuna kigunzi kimelala, kina homa siku ya tatu, mama yake anakipepea. Picha ya mwisho Kofia na Kola wamesikia habari, wamekuja kukiombea. Wanasalimiana mlangoni kwa adabu zote, shehe tangulia, hapana mchungaji tangulia wewe. Na kila mmoja kabeba sufuria lake.

Wanasheria mliopo humu, nauliza kwa nia njema kabla sijatafuta magunzi: kifungu cha 129 kinanihusu au hakinihusu?